Kelele Zilizomfungua Liyongo

Mchezo wetu wa sauti unamhusu utingo, binti anayesafiri na Fuso la mjomba wake kutoka Tanga hadi Lamu. Kila kituo anapanda abiria asiye binadamu: chunusi karibu na kivuko, zimwi porini, mwanamke mwenye kwato usiku wa manane. Nauli ni hadithi. Asiye na hadithi anateremshwa, awe jini awe nani. Tulikuwa na muswada, tuna waigizaji, tuna kinasa sauti cha kuazima na fedha kidogo tulizochangishana. Kilichobaki ni njia yenyewe, maana viumbe wa pwani hii wana anwani. Chunusi anakaa kwenye ile kona ya mkondo ambako watoto wa mtaa ule wanakatazwa kuoga. Mzimu ni wa pango lile, jini ni wa mbuyu ule. Ukimhamisha mahali pake anabaki jina tupu. Tukaamua kupita njia ileile atakayopita utingo wetu, tunase sauti za kila mahali na kuwasikiliza wenye mahali pao.

Tulianza na lori. Mwenye Fuso mmoja wa Tanga alikubali kutuachia gari na dereva wake kwa nusu siku, sharti tulipe dizeli. Fundi wetu wa sauti, dada wa Pangani aliyeanza kazi hii kwa kurekodi kaswida na taarab, alifunga maikrofoni moja chini ya kiti cha dereva, nyingine akapanda nayo mwenyewe juu ya mzigo, chini ya turubai. Kisha akashuka, akasimama kando ya barabara ya Horohoro, akamwomba dereva apite, ageuze, apite tena. Kwa gia ya pili, kwa gia ya nne, lori tupu, lori lenye magunia ya mchanga. Lori tupu linagongagonga, bodi na minyororo vyote vinasema. Lililopakia linanguruma kwa chini, na likishakupita mlio wake unazama. Msikilizaji aliyefumba macho anajua gari limetoka wapi, linaelekea wapi na limebeba nini kabla hajaambiwa neno. Mwanzoni dereva alidhani tunapima injini. Alipovaa vipokea sauti na kusikia gari lake mwenyewe likimpita, alicheka, akaturudisha gereji tunase na breki ya upepo, kwa sababu, alisema, utingo asiyeijua breki hiyo huyo ni abiria.

Sisi tuliokulia na redio ya betri tuna deni kwa madereva wa malori. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, na aliyefanya nyumba nzima inyamaze alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mume wa Tunu, mtu wa wanawake wengi njiani. Mchezo ule ulikusudiwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na Ukimwi, na ulifundisha kweli. Mimi ulinifundisha pia kwamba sauti ya mtu anayerudi safari inaweza kujaza chumba kuliko picha yoyote ukutani. Tangu hapo sijawahi kuamini kwamba mchezo wa redio ni ndugu masikini wa sinema.

Redio ya taifa ilikuwa na studio. Yetu ilikuwa Noah ya shemeji. Gari lililofungwa vioo, limejaa mabegi, mablanketi na godoro, halina mwangwi, na viti vyake vinameza sauti vizuri kuliko chumba cha saruji. Mwigizaji anakaa kiti cha katikati, blanketi kichwani, maikrofoni usawa wa kidevu, kando kidogo ya mdomo ili herufi p na b zisipulize. Kiyoyozi hakiwashwi. Injini haiwashwi. Kwa joto la pwani, mtu anasema ukurasa mmoja, anafunguliwa mlango, anakunywa maji, anaingia tena.

Mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini mwa mji wa Tanga, ndani ya miamba ya chokaa. Wageni husimuliwa habari za njia za chini kwa chini zinazotokea Mombasa au Kilimanjaro, na za Osale Otango na Paango, waliosakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 na kujificha humo. Sisi tulikuwa tumekuja kwa pango la mzimu, ambako watu bado wanaleta tambiko zao. Tulipofika mlangoni alikuwamo mama mmoja anaomba. Fundi alizima kinasa sauti kabla hajaombwa, tukarudi nje, tukakaa juani. Mama alipotoka tukamwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mnachukua nini humu?"

"Sauti ya pango, bibi. Kwa ajili ya mchezo."

Alitutazama mmoja mmoja. "Basi chukueni maji na popo. Maneno ya watu yaacheni yalipo."

Hiyo ikawa sheria ya safari nzima, na naona ndiyo sheria bora kuliko zote tulizowahi kupewa na mtu wa sanaa. Ngano ni mali ya wote, lakini dua ya mtu ni ya kwake. Tuliingia tukanasa matone. Tone linaloanguka kwenye uchochoro linakatika mara moja. Likianguka kwenye ukumbi mpana wa pango linaacha mkia mrefu wa mwangwi. Kwenye mchezo, utingo anapoingia kumtafuta mjomba wake, hakuna msimulizi anayesema pango linapanuka. Matone yanasema.

Mpakani hakuna la kusimulia. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani, tulipita kwa heshima bila kutoa kifaa chochote kwenye mfuko: mgeni hufungwa kaniki, anafuata nyayo za mzee, anatoka. Utingo wetu pale anazima redio ya lori, basi.

Mombasa tulikaa zaidi, kwa sababu ya mwanamke mwenye kwato. Habari zake zinajulikana na kila aliyekulia kwenye mji ule: mrembo wa buibui, manukato ya kulevya, na ukitazama chini unakuta miguu ya mnyama. Nilitaka kuisikia kwa mtu wa barabarani. Jioni moja, kwenye kahawa chungu na kashata, dereva mmoja mstaafu alitusimulia kama ilivyompata mwenzake. Mwanamke alisimamisha gari usiku. Akapanda, akaketi, harufu ya asumini ikajaa ndani. Walizungumza vizuri tu, habari za watoto, bei ya mchele. Alipofika kwake, karibu na makaburi, akashukuru, akafungua mlango, akateremka.

"Sasa mwanangu," mzee aliniambia, "usiandike eti aliiona miguu. Kulikuwa giza, na buibui lilifika chini. Yule bwana alisikia. Mguu wa kwanza ulikanyaga lami. Ko! Hapo ndipo alipojua."

Nilirudi na neno hilo kwa fundi, akalichukua kama agizo. Watu wa michezo ya redio tangu zamani wamepiga vifuu vya nazi kuwa farasi, na sisi nazi hatuna shida nayo. Lakini kifuu kitupu kikigongwa kinalia kama mnyama wa sarakasi, chepesi mno. Dada alikijaza kimoja kitambaa kilicholowa, akakishika kwa kiganja kizima kuziba mdomo wake, akakigonga kwenye kipande cha lami iliyobanduka tulichokiokota kando ya barabara. Mlio ukawa mfupi, mzito, una uzito wa mtu juu yake. Kisha akaongeza mchakacho wa buibui, akauweka kabla tu ya kugonga, ili sikio lifikiri linasikia mwanamke anashuka. Kwato moja tu. Tulijaribu mbili, tatu, kwa kutembea, na kila tulipoongeza hofu ilipungua.

Kaskazini mwa Kilifi tuliingia Gedi. Mji ule wa mawe ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17, uliomezwa na msitu, uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na kila mwandishi wa pwani hii anauandika siku moja. James Kirkman, aliyeanza kuufukua mwaka 1948, alikiri kwenye maandishi yake kwamba mwanzoni alihisi kuna anayemtazama kutoka nyuma ya kuta. Wenyeji hawakuhitaji mchimbaji kuwaambia. Katika kipindi chetu cha tatu, abiria mmoja anamrudisha utingo nyuma hadi Gedi ilipokuwa na watu, misikiti na visima vyenye maji. Tulihitaji mazingira ya msitu na kuta, bila dunia ya leo ndani yake.

Ndipo tukakutana na kunguru. Huyu kunguru mwenye shingo ya kijivu anayeomba chakula kila hoteli ya pwani si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, akaenea. Mtu wa Gedi wa karne ya 15 hakuwahi kumsikia. Kwa hiyo kila alipolia, mji wetu wa kale ulivunjika, tukasubiri, tukaanza upya. Bodaboda ya mbali unaweza kuichuja kwa kukata masafa ya chini, lakini kunguru anakaa palepale penye sauti ya binadamu. Ukimtoa, unatoa na nusu ya majani. Hatimaye walinzi walituruhusu kuingia mapema, kabla hajaamka. Tukapata hondohondo wakipita juu kwa mlio wao wa kitoto kinacholalamika, kima wakiruka matawi, majani makavu yakianguka kwenye sakafu ya ikulu. Hao wote walikuwepo tangu enzi zile. Ni dakika chache tu za sauti, na ndizo ninazozionea fahari kuliko kurasa zote nilizoandika. Huwezi kuzipata kwenye maktaba ya milio ya kununua, kwa sababu anayeuza "msitu wa Afrika" hajui kunguru alifika lini.

Kutoka Malindi barabara inaacha bahari. Unapita mashamba na vichaka, unafika Garsen penye daraja la Mto Tana, unaelekea Witu. Barabara siku hizi ni lami. Kuna vizuizi vya polisi, na ulinzi unakazwa au kulegezwa kulingana na hali; tulisafiri mchana, tukaonyesha vitambulisho, tukaeleza kila mara ile maikrofoni yenye manyoya ni nini. Witu tukaiacha barabara kuu, tukashika njia ya Kipini, mahali Tana inapoingia baharini.

Tulikuwa tumeenda kwa Fumo Liyongo. Wenyeji wa Ozi na Kipini wanasema kaburi lake liko kwao, na wanakuonyesha. Habari zake zimeandikwa tangu Edward Steere alipochapisha ngano za Kiswahili mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913, lakini pale Kipini hakuna anayekusomea. Wanakusimulia, na kila mmoja anamsahihisha mwenzake.

Nilikuwa nimeifahamu hadithi hii tangu shule, na nilikuwa nimeipangia kipindi chenye vita na mishale. Kwenye baraza la Kipini nikaisikia upya. Liyongo amefungwa minyororo gerezani, anangoja kuuawa. Mjakazi Saada anamletea chakula cha mama yake, na walinzi kila siku wanakila kizuri kabla hakijamfikia. Liyongo hawezi kumwambia kitu mbele yao, kwa hiyo anamwimbia. Walinzi wanasikia wimbo, mama anasikia ujumbe: oka mkate wa wishwa, weka tupa ndani. Walinzi wanaudharau mkate wa wishwa, unapita. Sasa ana tupa, lakini tupa inakereza. Anaomba ngoma ya gungu ichezwe nje, anawafundisha watu waipige, na kelele zinapopanda yeye ndani anakata chuma. Ngoma inakwisha, mfungwa yuko huru.

Hakuna tukio hata moja humo linalohitaji jicho. Ujumbe umefichwa kwenye sauti, mlio umefichwa kwenye sauti. Watu wa pwani hii walitunga mchezo wa kusikiliza karne nyingi kabla ya redio, na sisi tulikuwa tumekuja na muswada wa mapigano!

Muswada niliuchana usiku uleule. Asubuhi tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, tukaomba mnyororo na tupa. Dada akanasa ukerezaji wa karibu kabisa: taratibu, haraka, tupa kavu, tupa yenye mafuta. Jioni wapigaji wa ngoma wa pale, kwa malipo tuliyopatana na mzee wao, wakakusanyika uani. Tukaanza na ngoma peke yake, nzito, zinazotikisa kifua. Tulipozichanganya na tupa, tupa ilisikika wazi juu yake, nyembamba, kali, haijafichika hata kidogo. Mlinzi kiziwi angeisikia.

Mzee wa ngoma alikuwa ameshika kipokea sauti kimoja sikioni. "Mmesahau matoazi," alisema. "Hadithi inasema matoazi, upatu na pembe. Nyinyi mmeleta ngoma tupu."

Vikaletwa. Vilipoingia matoazi na upatu, tupa ikazama. Fundi alitutafutia sababu kwenye kompyuta, akatuonyesha: ngoma zinakaa chini, tupa inakaa juu, na mlio hufunikwa vizuri na mlio wa masafa yake. Shaba inayogongwa inajaza palepale chuma kinapokerezwa. Aliyesimulia kwanza kwamba Liyongo aliomba matoazi na upatu alijua anachosema, na kizazi baada ya kizazi hawakuviacha vyombo hivyo, ingawa kwenye masimulizi vinasikika kama mapambo ya sherehe. Sijui kama nimewahi kuiheshimu ngano kama nilivyoiheshimu siku ile. Tulikuwa tumeipima kwa vifaa, na ilikuwa sahihi kuliko sisi.

Likabaki tatizo la msikilizaji. Walinzi wasisikie tupa, yeye aisikie. Tukanasa ngoma ileile mara mbili, mara moja uani, mara nyingine maikrofoni ikiwa ndani ya chumba cha mawe mlango umefungwa. Kwenye mchezo, sikio la msikilizaji liko nje na walinzi, kelele tupu, kicheko, vigelegele. Kisha linahamia ndani, ukuta unameza shaba, na tupa inafunguka karibu kabisa, na pumzi za mtu. Nje, ndani, nje. Kila tunapotoka nje tunaogopa ngoma itanyamaza kabla hajamaliza. Hatukuongeza muziki wowote.

Kabla ya kuondoka tuliwasikilizisha watu wa baraza, spika ndogo juu ya mkeka, watoto wamejipanga mbele. Sehemu ya gereza waliipokea kwa shangwe. Kwenye kifo wakatukatisha. Mchezo wetu ulisema Liyongo aliuawa na mwanawe, aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini, naye akaenda akapiga goti kisimani, mshale kwenye uta, akafa hivyo, na watu wakakaa siku kadhaa na kiu wakidhani yu hai.

"Mpwawe," alisema bwana mmoja. "Mwana hawezi."

"Mwanawe! Ndiyo maana inauma," akajibu mwingine. "Ingekuwa mpwa nani angeikumbuka?"

Ubishi ukawaka. Wa tatu akadai la muhimu ni yule aliyeahidi malipo, si mkono uliochoma. Katikati ya maneno, bi mkubwa aliyekuwa amekaa ukutani akisuka ukili akasema mama wa Liyongo tuliyemweka kwenye mchezo, yule anayetumwa kwenda kisimani kumbembeleza mwanawe aache hasira bila kujua ameshakufa, hazungumzi kama mtu wa huku. Mwigizaji wetu ni wa Tanga, na ni mzuri. Lakini bi mkubwa alisema maneno machache ya kumwita mtoto, kwa lahaja yake, mkono haujaacha ukili, na baraza zima likageuka.

Nilimwomba aseme nasi kesho yake. Akauliza tutamlipa nini, tukapatana, akauliza sauti yake itafika wapi. Nikamweleza: kwenye simu za watu, kwenye kadi za kumbukumbu kwa wauza miziki wa stendi, kwa waliokwenda Muscat na Toronto na bado wanapenda kusikia Kiswahili cha nyumbani. Akaridhika, sharti tusitaje jina lake.

Akaja na mjukuu wake, akaingia Noah, akakataa blanketi kichwani, tukamwekea begani. Vioo vikafungwa. Nje watu wa baraza walikuwa wametufuata, wamezunguka gari, mwana au mpwa bado haijakatwa. Nilishuka kuwaomba wasogee, maana maneno yao yalikuwa yanaingia kwenye maikrofoni. Nilipogeuka, fundi alikuwa ameshusha kioo kimoja na kutoa kinasa sauti cha pili nje ya dirisha, ananiashiria niwaache waendelee.